Moto wa Mlima na Hatari Isiyoonekana: Maneno kwa Watu wa Bunia Waendao Kivu na Visiwani

Katika nchi ya Ituri hakuna mlima utoao moto. Mtu wa Bunia, au wa Irumu, au wa Kasenyi kando ya Ziwa Albert, aweza kuishi mpaka uzee wake asiwe ameona jivu la mlima hata siku moja. Basi wengine watauliza: Habari hii yatufaa nini sisi?

Yafaa, maana watu wa Ituri hawakai mahali pamoja. Wako washukao kwa njia ya Beni na Butembo mpaka Goma kwa biashara ya maharagi na ng'ombe. Wako wenye ndugu huko. Wako wapandao mashua na kuvuka Ziwa Kivu mpaka kisiwa cha Idjwi. Mgeni ana hatari kuliko mwenyeji, kwa sababu hajui mahali pabaya pa kulala wala mahali pabaya pa kufunga mbuzi wake. Tena bonde kubwa lililo chini yenu upande wa mashariki, lenye Ziwa Albert na mto Semliki, ndilo bonde lile lile liendalo mpaka Ziwa Edward na Ziwa Kivu. Nchi imepasuka humo tangu zamani sana, na kazi ya kupasuka haijakwisha. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko lilivunja nyumba nyingi upande wa Toro katika Uganda, na upande wa Beni pia, watu zaidi ya 100 wakafa. Huko kwenu nchi hutetemeka tu. Huko Kivu imepata mlango wa kutokea moto.

Liko neno moja ambalo twataka mlishike kuliko mengine yote ya karatasi hizi. Moto wa mlima huonekana, na mtu mwenye miguu huukimbia. Lakini hewa mbaya haionekani, wala ubaya wa maji hauonekani, wala sumu iliyo katika majani ya ng'ombe haionekani. Hivyo ndivyo viuavyo watu wakiwa wamekwisha kufikiri kwamba wamepona.

MILIMA MIWILI YA GOMA

Karibu na Goma iko milima miwili yenye moto. Wa kwanza ni Nyiragongo, kimo chake mita 3,470. Wa pili ni Nyamulagira, mita 3,058. Kutoka Goma mpaka kinywa cha Nyiragongo hazipati kilomita 20. Usiku watu wa mjini huona wekundu juu yake mawinguni, nao wamezoea, kama ninyi mlivyozoea taa za mji.

Moto huu si kuni zinazoungua. Chini sana ya nchi mawe yenyewe yameyeyuka kwa joto, yamekuwa kama uji. Wataalamu huita uji huo lava. Ndani yake mna hewa za namna nyingi zilizobanwa, nazo ndizo zinazousukuma juu. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana, kama uji wa mgonjwa, kwa hiyo hukimbia kuliko lava za milima mingine mingi ya dunia.

Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ule ulipasuka, na ziwa la lava lililokuwa kinywani likamwagika lote kwa muda usiotimia saa moja. Karibu na mlima lilikwenda upesi kuliko mtu akimbiavyo, na watu wengi wa vijiji wakafa. Tarehe 17 Januari 2002 ulipasuka tena, na safari hii nyufa zilifunguka chini, karibu na mji. Lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Watu wapatao 120,000 walipoteza nyumba zao. Tarehe 22 Mei 2021, siku ya Jumamosi jioni, mlima ulipasuka bila watu kupata onyo, na lava ikasimama huko Buhene, pembeni mwa mji, karibu na uwanja wa ndege.

Sasa angalieni jinsi watu walivyokufa. Katika mwaka 2002, siku chache baada ya lava kupita, watu walikwenda kuteka mafuta katika ghala la petroli lililozungukwa na lava ya moto. Petroli ilishika moto, ikalipuka, na watu wengi wakafa hapo kwa mara moja. Katika mwaka 2021 watu kadhaa walijaribu kuvuka juu ya lava iliyokwisha kusimama. Juu ilikuwa nyeusi na ngumu, wakadhani imepoa. Lakini hewa mbaya ilikuwa ikitoka katika nyufa zake, ikawaziba pumzi, wakaanguka njiani. Hao wote lava haikuwafikia. Wao ndio walioifuata.

Kwa hiyo, ukiwa Goma na mlima ukifunguka, fanya hivi. Usikimbie mbele ya lava kwa kushuka bonde, maana lava hufuata bonde kama maji ya mvua. Toka kando, upande wa kulia au wa kushoto, upande mahali palipoinuka. Usirudi kwa ajili ya godoro. Lava ikisimama, usiikanyage mpaka wenye kazi ya kuupima mlima wamesema kwamba njia ni salama. Katika mji ule imekuwa desturi kuonyesha hali ya mlima kwa rangi nne: kijani ni amani, manjano ni kuangalia, rangi ya chungwa ni kufunga mizigo, nyekundu ni kuondoka. Mgeni akifika mjini na aulize siku ile ile rangi ni ipi, na njia ya kukimbilia ni ipi, kabla hajauliza bei ya maharagi.

HEWA IITWAYO MAZUKU

Kati ya Goma na Sake, kando ya ziwa, iko mahali ambapo hewa mbaya hutoka katika nchi siku zote, hata mlima ukilala. Wenyeji huiita mazuku. Hewa hii haina rangi, wala mtu hawezi kuitambua kwa pua. Ni hewa ile ile inayopanda katika pombe inapochacha, ile inayofanya povu. Lakini ni nzito: uzito wake ni mara moja na nusu ya uzito wa hewa tunayovuta. Basi haipandi kama moshi. Hushuka, hujaa katika mashimo na mabonde madogo, hukaa humo kama maji ndani ya bakuli.

Wachimba zahabu wa Kilo na Mongbwalu hawahitaji kufundishwa sana neno hili. Mtu ashukaye katika shimo refu, taa yake ikafifia na kuzimika, hupanda upesi bila kuuliza sababu, maana penye hewa isiyolisha taa, hata mtu hawezi kuishi. Mazuku ni shimo la namna hiyo lisilo na mdomo. Waweza kuingia ndani yake ukitembea katika majani mazuri, jua likiwaka.

Mbuzi hufa kwanza kwa kuwa kichwa chake ki karibu na nchi. Kisha mtoto. Mtu mzima aliyesimama aweza asisikie neno, kumbe mwanawe aliyeketi miguuni pake amekwisha kuzimia. Mtu aliyelala juu ya mkeka ana hatari kuliko aliyelala juu ya kitanda. Usiku na asubuhi mapema ndizo saa mbaya, kwa sababu upepo umelala na hewa ile imejaa. Mchana jua na upepo huitawanya kidogo. Kwa hiyo mchungaji atokaye Ituri na ng'ombe au mbuzi, akifika huko jioni, asiwalaze katika kibonde chenye majani mabichi na kimya kizuri, hata kama mahali pale hapana mwenyewe. Hasa kama hapana mwenyewe! Na aulize kwanza kwa nini. Akiona panzi, ndege, panya au nyoka waliokufa pamoja mahali pamoja bila jeraha, aondoke na kundi lake lote, apande juu.

Liko jambo gumu kusema, lakini sharti lisemwe. Mtu akianguka katika shimo la mazuku, ndugu yake hushuka kumtoa, naye huanguka. Wa tatu hushuka kuwatoa wawili. Hivyo nyumba moja yaweza kwisha kwa nusu saa. Usishuke. Simama juu, mrushie kamba, au mvute kwa mti mrefu wenye kulabu. Kama huna kamba, kimbia kutafuta watu na kamba. Kufunga kitambaa puani hakufai kitu, hata kikiwa na maji, kwa maana kitambaa huzuia vumbi tu, hakizuii hewa.

ZIWA KIVU NA WATU WA KISIWANI

Kisiwa cha Idjwi ni kikubwa, urefu wake wapata kilomita 40, na watu wake ni wakulima na wavuvi wengi sana. Idjwi yenyewe haitoi moto. Lakini kisiwa kidogo cha Tchegera, kilicho kaskazini ya ziwa, umbo lake ni kama mwezi mwandamo, kwa sababu ni ukingo wa kinywa cha mlima wa moto wa zamani uliosimama majini. Basi mjue kwamba moto ulikwisha kupita hata chini ya ziwa. Katika siku za Mei 2021 hilo ndilo lililowatia hofu wapimaji: nchi ilitetemeka mara nyingi kila siku, na alama zilionyesha kwamba lava inasukumana chini ya mji na chini ya ziwa. Tarehe 27 Mei watu wa mitaa 10 ya Goma waliamriwa kuondoka. Lava haikutokea huko, nao wakarudi kidogo kidogo tangu mwezi wa Juni.

Mbona ziwa latia hofu? Shika chupa ya bia iliyofungwa. Ndani hakuna povu; ukifungua kizibo, povu lapanda. Hewa ilikuwa ndani ya maji, imebanwa. Ziwa Kivu, ambalo kina chake chafika mita 485, lina hewa ya namna hiyo katika maji ya chini, kilomita za mraba si kipimo chake: huhesabiwa kwa kilomita zenye urefu, upana na kimo, nazo ni kama 300 za hewa nzito ile ya mazuku, na kama 60 za hewa iwakayo moto, iitwayo metani. Uzito wa maji ya juu ndio kizibo. Rwanda imekwisha kuanza kuitoa metani hiyo kwa mabomba na kufanya umeme. Ni kazi nzuri, lakini ziwa ni kubwa, na sehemu inayotolewa ni ndogo.

Jambo lenyewe limekwisha kutokea mahali pengine. Katika Kameruni kiko kiziwa kidogo kiitwacho Nyos, ndani ya kinywa cha mlima wa zamani. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 hewa nzito ilipanda kwa ghafula kutoka chini ya maji, ikashuka katika mabonde, na watu zaidi ya 1,700 wakafa, wengine katika usingizi wao, pamoja na ng'ombe elfu kwa elfu. Vijiji vya chini vilikwisha. Watu waliokuwa juu ya vilima walipona wengi. Ziwa Kivu halikufanya hivyo katika siku ambazo watu wanazikumbuka, nasi hatuandiki haya ili mtu wa Idjwi auze shamba lake. Twaandika ili ajue neno moja: siku ziwa likichemka mahali lisipochemka, au samaki wengi wakielea wamekufa, au lava ikiingia majini karibu, asikae ufukoni kutazama wala kuokota samaki wale. Na apande katika milima ya kisiwa chake pamoja na watoto, akalale huko juu.

Shida ya kisiwa ni kwamba njia ni moja, nayo ni maji. Mtu wa Goma aweza kukimbia kwa miguu mpaka Sake au Gisenyi. Mtu wa kisiwani hungoja mashua. Watu wakiogopa hujaza mashua kupita kipimo. Hata bila mlima, jambo hili limeua: huko Minova watu walikuwa wakingoja chombo, maana njia ya nchi kavu ilikuwa imefungwa kwa vita, na tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kimoja kilichotoka huko kikapinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu, kikaua makumi ya watu. Kwa hiyo wazee wa kila kijiji cha kisiwani na wahesabu mashua zao siku ya amani: ni ngapi, kila moja yachukua watu wangapi, na ni nani watatangulia. Watoto, wagonjwa na wenye mimba watangulie. Wengine wapande mlimani wakingoja, wasisongamane ufukoni, maana ufuko ndio mahali pa chini kabisa.

JIVU, MAJI NA MAJANI YA NG'OMBE

Twaja sasa katika kazi yetu hasa, yaani mashamba na wanyama.

Mlima haumwagi lava tu. Hurusha jivu, nalo si kama jivu la jikoni. Ni mawe yaliyosagwa, makali kama chupa iliyovunjika. Huumiza macho na kifua. Likilowa kwa mvua huwa zito sana, na bati la nyumba dhaifu huanguka. Basi ufagie kabla ya mvua, lakini ulinyunyizie maji kidogo ili lisiruke, tena ufunge kitambaa puani. Hapa kitambaa chafaa.

Watu wa kisiwa cha Ngazidja katika Visiwa vya Komoro, ndugu zetu wa lugha na wa desturi, wamejifunza habari ya jivu na maji. Mlima wao ni Karthala, mita 2,361. Katika Ngazidja hakuna mito ya kudumu, kwa maana nchi ni mawe ya lava yenye matundu, na mvua yote huzama. Watu wengi huteka maji ya mvua kutoka mabatini, wakayaweka katika birika kubwa za saruji. Mwezi wa Aprili 2005, na tena mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Karthala ilirusha jivu likafunika vijiji vingi, likaanguka katika birika zisizo na kifuniko. Moto haukufika nyumbani kwao, lakini maji yaliharibika, ikawapasa kuletewa mengine.

Hata magharibi ya Nyiragongo, vijiji vilivyo chini ya moshi wake hupata mvua kali yenye asidi. Majani ya maharagi huungua pembeni, nayo maji ya mabatini huwa na floridi nyingi, ambayo huharibu meno ya watoto. Hapo watu wengi hudanganyika. Hufikiri kwamba maji yakichemshwa yamekuwa mema. Kuchemsha huua wadudu wa kipindupindu, na kwa ajili hiyo sharti mchemshe siku zote mkiwa safarini au kambini, maana kipindupindu hufuata wakimbizi. Lakini kuchemsha hakuondoi floridi wala asidi. Maji yakipungua sufuriani, sumu yabaki pale pale, na kikombe kimoja kitakuwa na nguvu zaidi kuliko kwanza.

Kwa hiyo ukisikia habari za jivu, ondoa mfereji wa bati unaopeleka maji katika pipa. Funika pipa na kila bidoni. Jivu likikoma, fagia bati, kisha iache mvua ya kwanza na ya pili imwagike chini yote. Ndipo urudishe mfereji.

Kwa ng'ombe sikilizeni vema zaidi. Katika kisiwa cha Aislandi, mbali sana kaskazini, nchi ilipasuka mahali paitwapo Laki mwaka 1783, na moto ukadumu miezi minane. Lava yenyewe haikuua watu. Lakini floridi ilishuka juu ya majani, na wanyama wakayala. Zaidi ya nusu ya ng'ombe wakafa, na kondoo karibu wanne kwa kila watano. Kisha ikaja njaa, na karibu mtu mmoja kwa kila watano akafa katika nchi ile nzima. Wale watu walikuwa wafugaji kama wengi wenu.

Mchungaji mwenye akili, akiona jivu likianza kuanguka, huwafunga ng'ombe zizini siku ile ile, hata wakilia kwa njaa. Huwapa majani yaliyokatwa kabla ya jivu na kuwekwa chini ya bashi, na maji yaliyofunikwa. Kama hana akiba, hukata majani na kuyakung'uta na kuyaosha kwa maji mengi safi. Hawarudishi malishoni mpaka mvua kubwa imeosha majani mara kadhaa, au majani mapya yameota. Kama nchi nzima imefunikwa, ni heri awaondoe mapema kwa miguu, wangali na nguvu, kuliko kungoja.

Katika shamba, muhogo na viazi vilivyo chini ya udongo hupona kuliko maharagi na lengalenga. Sombe na mboga zote za majani zioshwe mara tatu. Migomba ikung'utwe kabla jivu halijalowa, la sivyo majani yavunjika. Jivu dogo la kimo cha kidole kimoja laweza kulimwa likachanganyika na udongo. Baada ya miaka mingi ndilo linalofanya udongo wa Rutshuru na Masisi uwe mweusi na wenye mazao, na ndiyo sababu watu hawaachi kukaa chini ya milima ile, wala sisi hatuwalaumu.

Mtu akinunua ng'ombe kutoka nchi iliyopata jivu ili awapeleke Bunia au Mahagi, na awafungue kinywa mmoja mmoja kabla ya kulipa. Meno yenye mabaka ya hudhurungi na yaliyolika upesi kuliko umri wa mnyama ni alama ya floridi. Na awatembeze pia. Mwenye kuchechemea bila kidonda, mwenye magoti na mbavu zilizovimba mfupa, huyo amekula jivu siku nyingi. Hata akipewa majani mazuri ya Ituri hatanenepa tena kama wengine, maana mifupa yake imekwisha kuharibika ndani.